Kodi tatu zinatosha, acheni dharau

Najua nimepotea, majaribio yamebana na bumu nalo lina mambo yake. Leo nina dukuduku la kinanda.

Juzi baada ya mazoezi ya kwaya hapa chuoni, jamaa mmoja alikuwa anamsema mpiga kinanda wa kijijini kwao, eti "anajua kodi tatu tu". (Kodi za muziki jamani, sio za TRA.) Watu wakacheka. Mimi nilinyamaza, maana nilishaumbuka kwa hayohayo.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Runazi. Kulikuwa na harusi, nikakabidhiwa kinanda kwa kuwa mimi ndiye "msomi". Kina mama wakaanzisha wimbo wa zamani wa kumuaga binti. Nikamwaga manjonjo yote niliyookota YouTube, kila noti na kodi yake. Ubeti wa pili sauti zikapungua, wa tatu nikabaki napiga peke yangu. Bibi akaniambia taratibu: "Mjukuu wangu, umetufukuza kwenye wimbo wetu."

Iliniuma. Ikabidi nirudi darasa la kwanza.

Do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Ndizo hizo tatu. Hesabu mwenyewe, sauti zote saba zimo. Mi ina kodi moja tu ya kukaa, na la hivyohivyo, ila do na so zina kwao kuwili, na hapo ndipo sikio linaamua. Wala huhitaji kodi kwa kila noti: sikiliza inayoangukia pigo zito, zinazopita njia ziache zipite. Vidole navyo visirukeruke. Ukitoka do-mi-so kwenda kodi ya fa, do ibaki palepale, mi ipande fa, so ipande la. Ukienda kodi ya so, so inabaki, do inashuka ti, mi inashuka re. Wimbo wetu wa Taifa, ambao sauti yake Enoch Sontonga aliitunga kule Afrika Kusini mwaka 1897, unapigika vizuri tu kwa kodi hizohizo. Mbona huo hatuucheki?

Kazi ya kinanda pale ni kumsindikiza anayeimba. Kodi za mbwembwe sizichukii, nazifanyia mazoezi kila wiki, ila zina mahali pake.

Tena wimbo wa kina mama ulinipa shida nyingine: hauna fa wala ti. Kila nilipopiga kodi ya so nzimanzima, ile ti ilijitokeza kama mgeni asiyealikwa. Nimehangaika nayo siku mbili! Mwisho nikaing'oa, nikabakiza so na re tu. Kwenye kodi ya kwanza nikabakiza do na so. La ikipita, inapita juu ya do na so zilezile, wala haigombani na mtu.

Nikaenda kwa bibi na kinanda kidogo cha betri. Akaimba beti zote. Katikati alisimama mara moja tu, akauliza kama betri zangu zimeisha, maana "hata husikiki". Nimeamua kuhesabu kwamba zilikuwa sifa.

Kwa hiyo wewe jamaa wa juzi (unajijua), ukienda likizo kaa karibu na huyo mzee wa kodi tatu, umwangalie mkono wa kushoto anapousubirisha. Halafu uje utusimulie.

Kesho nina jaribio saa mbili asubuhi na sijafungua hata daftari. Alamsiki.