Kombi la zamani: anza na waya wa ethi

Wenzetu wa Uingereza mlionunua kombi la Volkswagen la miaka ya 70 kwa safari za likizo na watoto, mnajua kwamba gari likipita miaka 40, mradi halijabadilishwa sana, sheria hailidai tena ukaguzi wa MOT. Wengi huliona jambo hili kama zawadi. Mimi naliona kama kazi ya nyongeza: mkaguzi sasa ni wewe, na watoto wanalala humo ndani. Basi tuanze na umeme.

Dalili ya kawaida ni hii. Unakanyaga breki, indiketa nayo inawaka kidogo. Au unawasha taa kubwa, waipa zinachoka. Mtu hukimbilia kununua balbu, swichi, hata betri mpya, na tatizo linabaki palepale. Umeme ukitoka kwenye betri na kufanya kazi yake, lazima urudi betri kupitia bodi ya gari. Pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi pakiwa na kutu, umeme hutafuta njia nyingine, hata kwa kupitia balbu ya jirani. Fungua hiyo skrubu, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena.

Kwenye Volkswagen waya wa kahawia ni ethi, mwekundu una umeme muda wote, mweusi hupata umeme ukishawasha swichi. Tahadhari: kwenye magari ya zamani ya Kiingereza mweusi ndio ethi, na fundi aliyezoea hayo anaweza kukuvurugia.

Starta ikizunguka kwa uvivu, usiilaumu kabla ya kupima. Injini na gia boksi zimekaa juu ya mipira, kwa hiyo huunganishwa na bodi kwa utepe wa waya uliosukwa, huko chini kwenye gia boksi, mahali panapopigwa na maji na chumvi ya barabarani kila baridi. Chukua mita, hata ya bei rahisi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Sasa weka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Gari liwe nyutro na breki ya mkono imevutwa, mwenzako awashe starta. Mita ibaki karibu na sifuri. Ikipanda zaidi ya nusu volti, utepe huo au waya wa betri ndio mgonjwa.

Fyuzi sasa. Za zamani ni vijiti vyenye utepe wa chuma nje, na mara nyingi haziungui. Zinashika kutu tu nchani. Zungusha kila moja kwa kidole na utashangaa taa ngapi zitarudi. Lakini ikiungua kweli, usiizungushie karatasi ya pakiti ya sigara kama tulivyozoea kuona kwa mafundi wa nyumbani, wala usiweke kubwa zaidi. Fyuzi inalinda waya. Ukiinyima kazi hiyo, waya wenyewe ndio utakaoungua, na kwenye kombi hili betri na mipira ya petroli viko pamoja nyuma na injini.

Ndiyo maana betri ya pili, ile ya friji na taa za kulalia, naikagua kwa ukali kuliko yote. Mara nyingi iliwekwa na mwenye gari wa zamani kwa waya alizookota. Ufuate waya wake chanya kutoka kwenye betri. Usipokuta fyuzi karibu kabisa na nguzo, fungua waya huo leo, ukianza na ule hasi ili spana isipige shoti kwenye bodi, na usiurudishe mpaka fyuzi iwepo. Wikiendi hii friji itumie barafu.