Neno la Mhariri: Skrini Isiwe na Kumbukumbu Yake

Mpunga ukiingia ghalani na unyevu unaozidi asilimia 14 huwa hatarini kuota kuvu. Kwa hiyo programu ya kompyuta ya kupokelea mpunga wa Mwamkulu, kata ya wakulima katika Manispaa ya Mpanda, ingefaa ionyeshe kila mzigo kwa mstari wake, na mzigo mbichi uwe mwekundu. Tunachotetea katika toleo hili ni kwamba wekundu huo usiamriwe na kitufe. Ufungwe kwenye sifa ya unyevu ya mzigo wenyewe.

Mazoea ni mengine. Karani anabonyeza "Hifadhi", msimbo wa kitufe unaangalia unyevu, unapaka rangi. Mambo yanakwenda vizuri hadi mzigo uliopokelewa mkavu unyeshewe, upimwe upya, na kipimo kiingizwe kupitia dirisha jingine ambalo mtengenezaji alisahau kuliwekea amri ile ile. Namba inasoma 17, mstari bado mweupe, na magunia yanapangwa pamoja na makavu. Hapo kuna kweli mbili, moja kwenye data na nyingine kwenye rangi, na karani mwenye foleni mlangoni hufuata rangi. Sifa ikifungwa, kitu chenyewe hutangaza kuwa kimebadilika, na kila dirisha linalokionyesha hujirekebisha. Katika WPF, zana ya Microsoft ya kutengenezea madirisha ya programu, iliyotoka na .NET 3.0 mwaka 2006, tangazo hilo hupitia INotifyPropertyChanged. JavaFX, zana kama hiyo ya lugha ya Java, nayo ina sifa zinazosikilizana.

Wanaopinga husema ufungaji huficha makosa, na kwa hili wana hoja nzito. Ukikosea herufi moja katika jina la sifa, WPF haisimami: huandika onyo mahali anapoliona mtengenezaji tu, kisha huendelea, na mstari unabaki mweupe kana kwamba mpunga ni mkavu. Lakini dawa imo humo humo. FallbackValue humruhusu mtengenezaji kuchagua mstari uonekaneje ufungaji unaposhindikana. Basi na uwe wa kijivu, karani ajue kipimo hakijasomwa. Msimbo wa kitufe uliosahauliwa hauna pa kuwekea tahadhari ya namna hiyo, kwa kuwa haupo. Wengine huuliza kuhusu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Hao wanastahili neno "Mbichi" kando ya rangi, nalo lifungwe kwenye sifa ile ile ya unyevu.