Kijana muuguzi, rudi darasani usomee akili

Wewe kijana wa Kanduyi uliyemaliza uuguzi, hebu nikuulize: ndugu yako akianza kusikia sauti usiku, utampeleka kwa nani?

Nesi aliyesajiliwa atampokea, atampima na kumpa dawa alizoandikiwa. Ni kazi kubwa. Lakini muuguzi wa afya ya akili alirudi darasani, KMTC kwa mfano, akasomea stashahada ya juu. Anajua kumhoji mgonjwa taratibu, kutambua dalili za kurudiwa na ugonjwa na kuielekeza familia. Kusema kweli, tunawahitaji wote wawili.

Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022, ikazipa kaunti jukumu la huduma hii. Sawa, ila sheria haihudumii mgonjwa. Kaunti ilipe karo, nawe ujitolee kusoma. Mathari iko Nairobi, ndugu yako yuko hapa.