Ni nani anachunga makundi ya WhatsApp mashariki mwa Kongo?

Mu Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, mabishano makubwa hayafanyiki tena kwenye baraza peke yake. Yako ndani ya simu: kundi la avenyu, la likelemba, la wamotari, la wazazi wa shule, la watu waliotoka kijiji kimoja. Humo ndimo linapita tangazo la salongo, na la kilio, na bei ya unga ya siku. Humo humo inaingia, saa nne ya usiku, odio ya mtu asiyejitaja jina: « Beko nakuya, kimbieni! » Watu wanalala nje na watoto, na asubuhi hakuna aliyekuja. Siku ingine wamekuja kweli. Ndiyo sababu hakuna anayethubutu kufunga masikio.

Redio trotuari ilikuwako mbele ya simu, kila mtu anaijua. Tofauti iko kwenye mwendo na ukubwa. Kundi la WhatsApp lilikuwa linaishia watu 256. Mwaka 2022 Meta, kampuni yenye WhatsApp, ilipandisha mpaka 512, kiisha 1024. Katika watu 256, admini anaweza kujua wengi kwa jina na kwa sauti. Watu 1024 ni soko, na soko haliongozwi na mtu mmoja anayefanya kazi yake ingine mchana na kufungua simu jioni.

Vyombo viko, lazima kusema ukweli. Tangu 2018 admini anaweza kufunga kundi ili ma-admini pekee waandike. Tangu 2022 anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine, usionekane tena kwa wote. Anaweza pia kukubali ao kukataa mtu kabla hajaingia. Kampuni nayo ilipunguza kupeleka ujumbe mbele: tangu Januari 2019 hauendi kwa zaidi ya watu ao makundi matano mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kupita mikono mingi unaenda mahali pamoja pamoja tu, ukiwa na alama ya mishale miwili. Wengi wanaiona ile mishale bila kujua maana yake. Na mwenye nia mbaya anajua njia ya mkato: anahifadhi odio kwenye simu yake, kiisha anaituma kama mpya. Mishale inapotea.

Odio ndiyo kiini cha shida, na inazungumzwa kidogo mno. Kuandika kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka ni taabu, na si kila mtu alipata nafasi ya kusoma. Sauti inabeba woga, inabeba machozi, inaaminiwa upesi. Lakini odio haionyeshi ilirekodiwa lini na wapi, wala haitafutwi kwa neno. Admini anayetaka kujua kama odio ya dakika saba ina tusi la kabila kwenye dakika ya sita lazima aisikilize yote. Zikija arobaini kwa usiku moja, haiwezekani. Sauti za risasi za Sake za 2024 zinaweza kurudi leo kama habari ya leo, na aliyenunua mega za mitandao ya kijamii peke yake hawezi kufungua ukurasa wa redio ao wa gazeti ili alinganishe.

Ebola ilionyesha hatari yake. Kutoka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2200, wengi wao Kivu ya Kaskazini. Kwamba ni siasa, kwamba ni biashara ya wageni: maneno hayo yalienea sana. Lakini hayakuota hewani. Mwisho wa Desemba 2018, CENI iliahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo mpaka Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, na rais akaapa mu Januari bila kura zao. Mtu aliyenyimwa kura alihitaji kidogo tu ili kuamini yale mengine. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili, daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa Butembo. Admini wa wakati ule angefuta nini? Odio ya uongo, ndiyo. Hasira iliyokuwa nyuma yake haikuwa ya uongo, na kuifuta pamoja na odio kungewaonyesha wengi kwamba kuna kinachofichwa.

Wengine wanasema kampuni yenyewe ingechunga. Kwa WhatsApp haiwezi: tangu 2016 ujumbe unafungwa njiani na unafunguliwa kwa simu ya anayeupokea peke yake. Ni pale mwanamemba anapotoa ripoti ndipo kampuni inapata ujumbe tano wa mwisho. Facebook iko wazi zaidi, ila huko shida ni lugha. Kiswahili cha Bukavu ao cha Bunia hakiko kile cha Dar es Salaam, na tusi linaweza kujificha ndani ya jina la mnyama. Kazi ya kuchunguza Facebook kwa nchi mbalimbali za Afrika ilifanyiwa Nairobi, kwa kampuni ya Sama, mpaka Sama ikaiacha mu 2023, nyuma ya mashtaka ya Daniel Motaung, aliyefanya kazi hiyo, juu ya hali ya wafanyakazi.

Na anayeomba ujumbe ufunguliwe afikiri pia ni nani mwingine ataupata ule ufunguo. Mukaaji anayepita barieri na simu mfukoni anajua vile kundi moja tu linaweza kumletea mashaka. Ndiyo maana wengi wanachagua ujumbe unaojifuta, wa masaa 24 ao siku saba. Ni kinga ya kweli. Ila kinga hiyo hiyo inamlinda aliyeanzisha uongo: kesho yake hakuna alama ya nani alisema nini.

Serkali ina sheria. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, kwenye kifungu cha 360, inatoa kifungo cha mwezi moja mpaka sita ao faini kwa anayeanzisha, na hata anayepeleka mbele, habari ya uongo juu ya mtu. Lakini sheria hiyo ilikuwa kati ya zile zilizotumiwa kumshtaki mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyekaa gerezani kutoka Septemba 2023 mpaka Machi 2024. Chombo kingine Kinshasa ilikwisha kukitumia ni kuzima intaneti, karibu siku 20 kuanzia tarehe 31 Desemba 2018. Hapo ukweli na uongo vilizimwa pamoja. Tena, tangu AFC/M23 iliingia Goma mwisho wa Januari 2025 na Bukavu mu Februari, sheria ya Kinshasa iko mbali na wakaaji wa huko.

Kwa hiyo kazi inamwangukia admini, na hapo kuna jambo ambalo wengi hawapendi kulisema: admini naye ana kabila, ana kijiji, ana ndugu aliyeuawa. Anafuta haraka tusi linalogusa watu wake; lile linalomgusa jirani Muhema ao Mulendu, Munande ao Munyamulenge, linabaki mpaka asubuhi. Kuweka ma-admini watatu kutoka jamii tofauti kunasaidia kuliko kifungo chochote cha programu, hata kama kunachelewesha mambo. Kudai kila odio ya usalama ianze na jina, tarehe na mahali kunasaidia pia, ila mu sehemu zenye silaha kutaja jina kunaweza kumuua mtu. Hapo njia inayobaki ni aliye na habari ampigie admini moja kwa moja, admini aulize mtu wa pili aliye kule kule, kiisha atangaze yeye mwenyewe bila kumtaja aliyempa. Inachukua dakika ishirini, siku ambayo mtandao unapita.