Jeraha Linafutika, Jamani

Kwenye meza yetu ya karata hapa Iringa hoja ni ileile kila Jumamosi: "Mtu akatwe panga jioni, ataamkaje mzima asubuhi?" Kwa hoja hiyo wenzangu wanataka majeraha ya viumbe wa Magic: The Gathering yabaki zamu hadi zamu, na wanayahesabu kwa kete za bao. Napinga.

Kanuni iko wazi. Kiumbe mwenye uimara wa 5 akipigwa 2 na kiumbe mwingine, kisha akaongezewa Lightning Bolt inayopiga 3 ndani ya zamu hiyohiyo, amekufa. Akipigwa 3 zamu hii na 3 zamu ijayo, yu hai, kwa sababu kila zamu inapoisha, iwe yangu au yako, majeraha ya viumbe wote yanafutwa. Yasiyofutwa ni mapigo ya mchezaji mwenyewe: unaanza na pointi 20, na zikipungua zimepungua, mpaka karata fulani ikurudishie.

Iondoe kanuni hiyo uone. Vijiumbe vyenye nguvu ya 1 vitamaliza dubwana kidogokidogo, na aliyekusanya ardhi zamu sita ili alilete mezani ataonekana mjinga. Nani atahangaika tena kupanga mapigo mawili yaangukie zamu moja? Utamu wote ulikuwa hapo. Hearthstone inaacha majeraha yabaki, sawa, lakini karata zake zilitungwa kwa hesabu hiyo tangu mwanzo.

Halafu haohao wanacheza bao! Kete iliyoliwa inasambazwa upande wa aliyeila na kumshambulia bwana wake wa jana. Uhalisia gani huo? Hakuna anayeuliza. Kula ni lazima hata kukikuumiza, na wazee hawana msamaha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba "uhalisia" huletwa na yule anayejua Kiingereza kutuzidi, tena siku ambayo dubwana liko upande wa mwenzake. Karata zetu zote ni za Kiingereza. Wadogo zetu wa kidato cha pili wanamwamini. Mmoja alipoteza dubwana lake hivyo mwezi uliopita, akakusanya karata zake akaondoka kimya. Hajarudi.

Nimeiandika kanuni kwa Kiswahili, mistari minne, nikaibandika kwenye boksi. Anayetaka kuibadilisha aseme kabla ya kuchanga karata, wote wakisikia.