Masika Gare: bei ya Dar huchelewa kusema ukweli

Wafanyabiashara wengi wa mboga jijini Dar es Salaam huuliza kwanza bei ya Ilala au Mabibo, ndipo waagize mzigo kutoka Lushoto. Wakati wa kiangazi utaratibu huo hauna ubaya. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, ndio unaowamaliza wenye mitaji midogo.

Juma moja la mvua huko Gare linatosha kueleza sababu. Ukungu hulala mabondeni asubuhi, jua huchungulia kidogo, kisha mvua hushuka mchana. Hali hiyo ikiendelea siku tatu mfululizo, nyanya zilizoiva hupasuka, na dawa ya ukungu iliyopigwa asubuhi huoshwa kabla ya jioni. Kabichi iliyokomaa nayo hupasuka kichwa. Karoti ndiyo yenye subira, kwani huweza kubaki ardhini siku kadhaa bila hasara kubwa.

Hata hivyo, hasara kubwa haiko shambani. Iko njiani. Barabara za udongo vijijini huteleza, madereva hugoma kupanda, na hata lami ya Lushoto hadi Mombo, kama kilomita 33 kupitia Soni, imechongwa ubavuni mwa mlima ambako kifusi huweza kushuka wakati wowote. Wanunuzi wakipungua, bei ya shambani huanguka. Wakati huohuo mzigo hupungua Dar, na bei huko hupanda.

Hapo ndipo mgeni wa biashara hunaswa. Anasikia bei nzuri, anakopa, anakodi Fuso. Mvua ikikatika siku mbili, kila mkulima anavuna kwa pamoja na malori yote yanateremka Mombo usiku uleule. Alfajiri soko limefurika. Bei aliyoifuata ilikuwa habari ya mvua ya juzi.

Utabiri wa redioni nao unahitaji kusikilizwa kwa akili. Mamlaka ya Hali ya Hewa huuweka Mkoa wa Tanga katika kanda ya pwani ya kaskazini, pamoja na Dar es Salaam na Zanzibar. Hilo si kosa, lakini mlima wa Usambara una tabia zake, na Tanga mjini kunaweza kuwa na jua kali huku Gare wakivaa makoti. Mwenye mtaji afadhali awe na mtu wa kuaminika hukohuko, wa kumwambia mambo mawili: mvua imenyesha siku ngapi, na gari la mwisho limepita saa ngapi.

Waliokuwa katika biashara wakati wa mvua za El Nino za 1997/98 hawahitaji kuelezwa haya. Wapya ndio wanaojaza nyanya tupu kwenye gari. Kwa wiki ya mvua, nusu ya mzigo ingekuwa karoti, na fedha kidogo ibaki mfukoni kwa ajili ya siku za kukwama Soni.

Lipo pia suala la lumbesa. Bei ya shambani ikianguka, baadhi ya wanunuzi hudai gunia lishonewe kilemba juu, ingawa sheria ya vipimo inakataza. Mkulima hukubali kwa kuwa mboga zinaoza. Msimu unaofuata hupanda eneo dogo zaidi, au humuuzia mwingine, na mnunuzi yuleyule hulalamika kwamba Gare hakuna mzigo.