Gurudumu la Sumaku na Mchango wa Ukoo

Kuna watu wa aina mbili wanaonichosha linapotajwa gurudumu la sumaku. Wa kwanza ni yule anayerusha video kwenye kundi la familia: gurudumu limebandikwa sumaku ukingoni, mkono unasogeza sumaku nyingine karibu, gurudumu linazunguka, taa inawaka, muziki unapigwa, na video inakatika kabla ya dakika moja kuisha. Wa pili ni msomi anayejibu kwa mstari mmoja, "Nishati haiumbwi wala haiharibiwi," kisha anaweka emoji ya kucheka. Ugomvi wangu mkubwa ni na huyu wa pili.

Mtoto wa shangazi yangu aliomba mchango wa ukoo, shilingi laki nane, anunue sumaku za kutengenezea jenereta isiyotumia mafuta. Wazee wakaanza kutoa. Baba mkubwa, ambaye ni mstaafu, alitoa elfu hamsini. Tuliosoma sayansi katika ukoo huu si wachache, na wengi walichekea pembeni, kwenye kundi lao jingine. Hakuna aliyemwonyesha kijana chochote. Kanuni ile tuliikariri shuleni, tukaiandika kwenye mtihani, tukapata alama. Muulize mmoja wetu kwa nini sumaku zisilisukume gurudumu daima, atakurudishia kanuni ileile. Aliyeamini video na aliyeamini daftari wamekaa benchi moja, ila mmoja alibahatika kupewa daftari sahihi.

Basi nikalitengeneza. Gurudumu la mbele la baiskeli, uma wake umebanwa kwenye jiriwa. Sumaku nane za spika ndogo mbovu kutoka kwa fundi redio, zimefungwa ukingoni kwa mshazari kama video inavyoelekeza. Nyingine moja nikaisimamisha pembeni kwenye kipande cha ubao. Gharama yote haikufika elfu ishirini, na humo imo supu ya fundi.

Lilianza vizuri, na hili wasomi hawalisemi kwa sababu hawajalishika: ukiliachia, kweli linaruka mbele lenyewe, kwa nguvu ya kushtua. Anayeliona ana haki ya kusisimka. Kisha sumaku iliyovutwa inafika mbele ya ubao, na nguvu ileile iliyoivuta ije sasa inaizuia isiondoke. Gurudumu linasita, linarudi nyuma, linayumba mbele na nyuma kama bembea, linatulia. Nikaliachia tena na tena. Kila mara lilitulia sumaku mojawapo ikiwa imeukabili ubao, kama mpira uliotumbukia shimoni.

Nikalizungusha kwa mkono, nikijitahidi nguvu isitofautiane, simu ikihesabu. Nilipouondoa ubao, lilizunguka dakika 2 na ushei. Nilipourudisha, sekunde 40. Yaani kile kinachodaiwa kuwa injini ndicho kilichokuwa breki.

Mtoto wa shangazi alitazama yote. "Dada, sumaku zako dhaifu," akasema.

Hapo ndipo penye mchezo wote. Hoja hiyo huivunji kwa kanuni, maana daima ipo sumaku kali zaidi ambayo bado haijanunuliwa, na ndiyo inayomeza laki nane. Nikabandika sumaku ya pili juu ya ile ya ubaoni. Sekunde 23. Nikaongeza ya tatu, likasimama mapema zaidi. Sumaku kali huvuta zaidi kitu kikija na hukishikilia zaidi kikiondoka. Shimo linazidi kina, na gurudumu linanasa upesi. Msuguano wa beringi na hewa ulikuwa unalipwa na mkono wangu tu. Akanyamaza, akaomba aizungushe mwenyewe.

Si yeye wa kwanza. Mfaransa Pierre de Maricourt alieleza gurudumu la namna hii mwaka 1269. Mwaka 2006 kampuni ya Steorn ya Ireland ililipia tangazo katika jarida la The Economist ikidai ina teknolojia ya sumaku inayotoa nishati ya bure. Onyesho lake la London mwaka 2007 lilikwama, likalaumiwa joto la taa, na mwaka 2009 jopo la wataalamu ambalo kampuni yenyewe ililiita likasema halikuonyeshwa uzalishaji wowote wa nishati. Akademia ya Sayansi ya Paris ilikwisha kutangaza mwaka 1775 kwamba haitapokea tena mashine za mwendo wa kudumu. Moja ya sababu zake ilikuwa kwamba zimefilisi familia za watu.

Wale wa Paris nawaelewa, walichoka na makaratasi. Lakini mlango walioufunga ulikuwa wa ofisi yao. Sisi tumeufunga wa darasani, ambako mtoto wa miaka kumi na minne angeweza kulizungusha gurudumu hili kipindi kimoja na kulishinda kwa saa ya ukutani. Badala yake anapewa sentensi ya kukariri, halafu akikua akidanganywa tunamcheka.

Baba mkubwa amerudishiwa elfu hamsini yake. Gurudumu liko kwa mtoto wa shangazi. Jumapili iliyopita aliweka kwenye kundi la familia namba alizopima mwenyewe, kwa sumaku nne, tano na sita, zikishuka moja baada ya nyingine. Shangazi alimpongeza. Wasomi wetu wameziona, na mpaka naandika haya hakuna aliyejibu.